Saizi ya pete unapoagiza mtandaoni: jinsi ya kupima kidole na kugeuza namba za nchi mbalimbali

Pete ya kwanza niliyoagiza kutoka nje ilikuwa ya fedha, yenye jiwe dogo la kijani, na duka lilikuwa Italia. Nilikuwa nimepima kwa uangalifu. Nilichukua pete yangu ya zamani, nikaweka rula katikati ya tundu lake, nikasoma milimita 17. Kwenye ukurasa wa duka kulikuwa na orodha ya namba, na 17 ilikuwamo. Nikaichagua, nikalipa, nikasubiri wiki tano. Ilipofika ilikuwa inapwaya. Jiwe liligeuka likaelekea kiganjani, na nilipotikisa mkono pete iliteleza mpaka kwenye kifundo cha kidole.

17 ya Waitalia si kipenyo. Wao huchukua mzingo wa ndani wa pete kwa milimita, wakatoa 40, na kinachobaki ndiyo saizi. Kwa hiyo 17 yao ni mzingo wa milimita 57, sawa na kipenyo cha milimita 18.1. Kidole changu kilitaka mzingo wa 53 na kidogo. Duka halikukosea. Mimi ndiye niliyepeleka namba bila kuuliza ni namba ya nini.

Tangu siku hiyo nimewapimia ndugu na majirani vidole vingi, hasa msimu wa harusi unapokaribia, na nimeona kuwa wengi hupima sawasawa, kisha hupotea kwenye kugeuza. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na milimita na unarudi kwenye milimita kila mara. Mzingo na kipenyo vya kidole chako havibadiliki kwa sababu umehama kutoka tovuti ya Marekani kwenda ya Japani. Namba za saizi ndizo zinazobadilika.

Mzingo na kipenyo

Mzingo ni urefu wa kuzunguka upande wa ndani wa pete. Kipenyo ni upana wa tundu lake, kutoka ukingo mmoja wa ndani hadi wa pili, ukipita katikati kabisa. Ukiwa na kimoja unacho na kingine: mzingo ugawanye kwa 3.14 upate kipenyo, au kipenyo ukizidishe kwa 3.14 upate mzingo. Mzingo wa milimita 54.4 ni kipenyo cha 17.3. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kipo kiwango cha kimataifa cha saizi za pete, ISO 8653, nacho kinaitaja pete kwa mzingo wake wa ndani kwa milimita. Pete ya 54 ni ya milimita 54. Maduka mengi ya Ufaransa huandika hivyo, na ni raha kununua kwao. Nchi nyingine zimeshikilia namba na herufi zao za zamani, na hapo ndipo kazi inapozaliwa.

Kupima kwa mkanda wa karatasi

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote za nyumbani. Unahitaji karatasi ya kawaida, mkasi, kalamu ya ncha nyembamba, seloteipu kidogo, na rula yenye milimita.

Kwanza itazame rula yenyewe. Rula nyingi za shuleni zina nafasi tupu kabla ya mstari wa sifuri, na mtu akianza kupima kwenye ukingo wa plastiki anakosea milimita kadhaa kabla hata hajaanza. Anza kwenye mstari wa 0. Kama ncha ya rula imelika, anza kwenye sentimita 1, kisha utoe milimita 10 mwishoni.

Kata mkanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 10 hivi na upana sawa na pete unayotaka kununua. Upana huo si pambo. Pete pana hugusa nyama nyingi zaidi na hubana kuliko pete nyembamba yenye tundu lilelile, kwa hiyo mkanda wa milimita 3 hauwezi kukupa saizi ya pete ya milimita 8. Upana wa pete huandikwa karibu kila mara kwenye maelezo ya bidhaa.

Zungushia mkanda kwenye shina la kidole, pale pete itakapokaa. Ushike ukiwa umelala juu ya ngozi bila kuikandamiza. Ncha zikipandana, weka alama ndogo pale ncha ya juu inapoishia. Fungua, nyoosha juu ya meza, pima kutoka mwanzo hadi kwenye alama. Andika. Rudia mara tatu na mikanda mipya. Vipimo vikitofautiana kwa milimita 1, chukua wastani. Vikitofautiana kwa milimita 2 au zaidi, mkono wako unavuta mahali fulani. Pumzika, anza upya, au mwombe mtu akusaidie, maana kupima kidole cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ni kazi ngumu kwa wengi wetu.

Kisha fanya jambo ambalo watu wengi huliruka, na mimi naliona ndilo hasa linaloamua. Viringisha mkanda mpya kwa urefu uleule uliopata, funga kwa seloteipu upate pete ya karatasi, uivae. Ipitishe juu ya kifundo kwa taratibu. Kama haipiti bila kuraruka, pete ya dhahabu nayo haitapita. Ongeza milimita 1, tengeneza nyingine, jaribu tena. Kama inapita bila kugusa popote, punguza. Unachotafuta ni pete ya karatasi inayoingia kwa kusuguana kidogo na kutoka kwa kusuguana zaidi kuliko ilivyoingia.

Watu watakuambia utumie uzi. Mimi siutumii. Uzi wa kushonea huzama kwenye nyama ukakupa kipimo kidogo kuliko kidole, na uzi wa kufumia hunyumbuka kila ukiuvuta. Futi ya fundi cherehani ni nene mno kwa mduara mdogo kama wa kidole, na ikishatumika miaka mingi nayo huwa imevutika.

Kifundo kikiwa kinene kuliko shina

Baadhi ya vidole vimenyooka kama mshumaa. Hivyo havina shida. Vingine vina kifundo kinene na shina jembamba, hasa kwa watu wazima na kwa waliofanya kazi za mikono kwa miaka mingi. Hapo pima sehemu mbili, kifundo na shina. Tofauti ikiwa ndogo, fuata pete ya karatasi kama nilivyoeleza. Tofauti ikiwa milimita 4 au 5, chagua kipimo kilicho kati ya viwili hivyo ila karibu zaidi na kifundo, na ukubali kwamba pete itazunguka kidogo ikishakaa. Kwa kidole cha namna hiyo epuka pete yenye jiwe kubwa lililoinuka, kwa sababu uzito wake utaivuta upande kila wakati. Pete ya mviringo mtupu, isiyo na juu wala chini, inakifaa zaidi. Sonara mzuri anaweza pia kuongeza vishanga viwili vidogo vya madini ndani ya pete ili iache kuzunguka, na kazi hiyo ni ndogo.

Saa na hali ya hewa

Kidole hakina kipimo kimoja kwa siku nzima. Asubuhi mapema na kwenye baridi huwa chembamba. Mchana wa joto, baada ya chakula chenye chumvi nyingi, baada ya mazoezi au safari ndefu ya ndege, hujaa. Mtu anayeishi Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ana vidole tofauti na alivyonavyo akiwa Arusha mwezi wa Julai. Nimeliona hili kwa ndugu aliyeko Uingereza: alipima Januari chumba kikiwa na baridi, pete ikamkaa vizuri huko, akaja nyumbani likizo na siku ya tatu akawa anaivua kwa sabuni.

Pima jioni, mwili ukiwa umetulia na mikono ikiwa na joto la kawaida. Pima tena siku nyingine asubuhi. Kama unaishi pwani, kipimo cha jioni kipe uzito zaidi. Usipime ukitoka kufua kwa maji ya baridi. Mama mjamzito, hasa miezi ya mwisho, vidole vyake mara nyingi huvimba. Asubiri mpaka baada ya kujifungua na uvimbe kuisha, au achague pete ya kufungukia nyuma inayorekebishika.

Pima pia kidole chenyewe kitakachovaa. Mkono unaoutumia zaidi kwa kawaida ndio mnene zaidi, na kidole cha pete cha kulia si pacha wa cha kushoto.

Ukiwa na pete inayokukaa vizuri

Njia hii ni ya haraka, ila inataka usahihi mkubwa. Sababu ni hesabu. Ukikosea nusu milimita kwenye kipenyo, umekosea karibu milimita 1.6 kwenye mzingo, na hiyo ni zaidi ya nusu saizi ya Kimarekani. Kosa hilohilo la nusu milimita ukilifanya kwenye mkanda wa karatasi linakugharimu moja ya tano ya saizi tu. Kwa hiyo kama huna kifaa kizuri, mkanda una huruma zaidi kuliko tundu la pete.

Kifaa kizuri ni kalipa, chuma chenye taya mbili wanachotumia mafundi wa kuchonga vyuma. Taya zake ndogo za juu huingizwa ndani ya tundu na kufunguliwa mpaka ziguse kingo. Karakana nyingi wanayo, na fundi hachukui hata dakika moja kukusaidia. Pima pande mbili, wima na mlalo, kwa kuwa pete iliyovaliwa miaka mingi huwa imebonyea ikawa kama yai. Chukua wastani.

Maduka mengine hutoa karatasi yenye miduara ya kuchapisha, unaweka pete yako juu ya mduara unaolingana. Tatizo ni kwamba printa nyingi hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, bila kukuambia. Chagua kuchapisha kwa asilimia 100. Ili kuhakikisha, tumia kadi ya benki: kadi zote za aina hiyo zina upana wa milimita 85.6 na kimo cha karibu milimita 54. Kama ukurasa una mstari wa kujipima, ulinganishe na rula. Kama una umbo la kadi, weka kadi yako juu yake. Isipoenea barabara, karatasi hiyo itupe. Programu za simu zinazokutaka uweke pete juu ya kioo nazo zijaribu kwanza kwa kadi kabla ya kuziamini.

Tena, pete hiyo ya zamani iwe ya kidole kilekile na ya upana unaokaribiana na mpya.

Kwenda kwa sonara

Kama pete ni ya bei kubwa, usitegemee karatasi peke yake. Sonara wa Kariakoo, wa Mji Mkongwe Zanzibar au wa mjini kwenu ana shada la pete za kupimia, nyembamba hadi nene, na ndani ya dakika mbili atakuvisha moja baada ya nyingine. Mambo matatu ya kumwomba: akupime kwa pete zenye upana unaokaribia ule unaotaka, akuambie namba yake ni ya mizani (mfumo wa saizi) ya nchi gani, na akupe kipenyo cha ndani cha ile iliyokukaa. Masonara wetu wengi wamerithi vifaa kutoka kwa wazee wao. Mmoja ana herufi za Kiingereza, wa pili ana namba za Kihindi, wa tatu za Kimarekani. Ukitoka pale na neno "kumi na nne" peke yake, umetoka mikono mitupu.

Na huyo ni fundi anayeishi kwa kazi yake. Mwambie ukweli kwamba unaagiza kwingine, umlipe kidogo kwa muda wake, au umpelekee mkufu wa kusafisha. Huenda ndiye utakayemrudia pete ikihitaji kurekebishwa.

Kupima kwa siri

Wanaotaka kumposa mtu kwa kushtukiza huniuliza hili sana. Azima pete anayoivaa kwenye kidole kilekile, hata kwa dakika kumi. Ikandamize kwa ubapa juu ya kipande cha sabuni ya mche iliyolainika kidogo, iache alama ya duara; kisha isuuze na kuirudisha mahali pake. Pima kipenyo cha duara la ndani baadaye kwa utulivu. Njia nyingine ni kuivaa mwenyewe na kuweka alama ya kalamu pale inapokomea kwenye kidole chako, halafu uende na kidole hicho kwa sonara.

Kama huwezi kuipata pete, kuna dada yake, wifi, shangazi au rafiki yake wa karibu. Chanda chema huvikwa pete, na huyo mwenye chanda ana watu wanaomjua vizuri kuliko unavyodhani. Ukibaki na shaka kati ya saizi mbili, nunua kubwa. Kupunguza pete kwa kawaida ni rahisi kuliko kuiongeza, na pete inayopwaya kidogo inaweza kuvalishwa siku ile ya posa, wakati inayokwama kwenye kifundo mbele ya wazee ni fedheha.

Kugeuza saizi

Sasa unazo milimita zako. Hivi ndivyo mizani mikuu inavyofanya kazi.

Marekani na Kanada hutumia namba, pamoja na nusu na robo. Kila saizi nzima huongeza kipenyo kwa milimita 0.81, sawa na milimita 2.55 za mzingo. Kanuni: chukua mzingo wako, toa 36.5, gawanya kwa 2.55. Mzingo wa 54.4 unakupa 7. Tovuti nyingi za Asia zinazouza kwa dunia nzima nazo huandika saizi za Kimarekani, lakini usilichukulie hilo kuwa hakika.

Uingereza hutumia herufi, na herufi hizo utazikuta pia Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Herufi C ni mzingo wa milimita 40, na kila herufi inayofuata huongeza milimita 1.25. Mimi nakariri nguzo tatu tu: C ni 40, K ni 50, S ni 60. Ukiwa na 54.4, unahesabu kutoka K: L 51.25, M 52.5, N 53.75, O 55. Upo katikati ya N na O, na hiyo wanaiandika N½.

Italia, Hispania na Uswisi ni ile hesabu iliyoniponza: mzingo toa 40. Mzingo wa 54 ni saizi 14.

Ujerumani na nchi za Skandinavia hupenda kutaja milimita moja kwa moja, ila mara huwa ni mzingo, mara kipenyo. Namba ikiwa kati ya 15 na 22, karibu hakika ni kipenyo. Ikiwa juu ya 44, ni mzingo. Wao pia huandika mkato mahali petu pa nukta, kwa hiyo 17,3 kwenye ukurasa wao ni 17.3.

Japani saizi 1 ni kipenyo cha milimita 13, na kila saizi huongeza theluthi moja ya milimita. Kwa hiyo saizi 7 ni kipenyo cha 15, saizi 10 ni 16, 13 ni 17, 16 ni 18, na 19 ni 19.

| Mzingo (mm) | Kipenyo (mm) | Marekani | Uingereza | Italia, Hispania | Japani |
|---|---|---|---|---|---|
| 49.3 | 15.7 | 5 | J½ | 9 | 9 |
| 51.9 | 16.5 | 6 | L½ | 12 | 11 au 12 |
| 54.4 | 17.3 | 7 | N½ | 14 | 14 |
| 57.0 | 18.1 | 8 | P½ | 17 | 16 |
| 59.5 | 18.9 | 9 | R½ | 19 au 20 | 19 |
| 62.1 | 19.8 | 10 | T½ | 22 | 21 |
| 64.6 | 20.6 | 11 | V½ | 25 | 24 |

Tazama namba 10 peke yake uone hatari ilivyo. 10 ya Marekani ina mzingo wa milimita 62, kidole cha mwanaume mwenye mkono mkubwa. 10 ya Japani au ya Italia ina mzingo wa 50 hivi, kidole cha binti mwembamba.

Majedwali ya maduka hutofautiana kwa robo saizi hapa na pale, kwa sababu kila duka hukadiria desimali kwa namna yake. Ndiyo maana jedwali la kufuata ni la duka unalonunua, ukiingia kwa safu ya milimita, wala si kwa namba uliyopewa na duka jingine. Duka lisilo na safu ya milimita liandikie ujumbe: "Nahitaji pete yenye mzingo wa ndani wa milimita 54.4, kipenyo cha ndani milimita 17.3. Kwenye mizani yenu hiyo ni saizi gani?" Muuzaji wa Deira huko Dubai, wa Jaipur au wa Istanbul atakuelewa. Hifadhi jibu lake. Pete ikija tofauti, unao ushahidi wa maandishi.

Kurekebisha kabla ya kubonyeza

Kama ulipima kwa mkanda wenye upana sahihi, hutahitaji marekebisho makubwa. Kama saizi yako ilitokana na pete nyembamba na sasa unanunua ya milimita 6 au zaidi, panda nusu saizi ya Kimarekani. Pete zilizotengenezwa kwa ndani iliyoviringwa, ambazo hugusa ngozi katikati tu, huingia kwa urahisi zaidi. Hapo unaweza kubaki kwenye saizi yako hata kama ni pana. Pete yenye jiwe zito, kama zile za fedha zenye akiki wanazovaa wanaume wengi wa Kiislamu wa pwani, inafaa ibane kidogo zaidi ili jiwe libaki juu.

Je, pete hiyo inaweza kurekebishwa?

Swali hili liulize kabla ya kulipa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua unahitaji usahihi kiasi gani. Pete ya dhahabu au fedha isiyo na mapambo sonara huipunguza au kuiongeza saizi moja au mbili bila shida. Iliyochovywa tu dhahabu itaharibika rangi pale inapochomwa. Yenye mawe kuzunguka duara lote haina mahali pa kukata. Tangsteni na kauri hazirekebishiki kabisa, na titani na chuma cha pua ni vigumu kiasi kwamba mafundi wengi hukataa.

Kisha kuna tanzanaiti, ambayo watu wa nje huiagiza kwetu na sisi huiagiza kwao ikiwa imeshawekwa kwenye pete. Jiwe hilo linachimbwa Mererani peke yake, wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara, tangu lilipogunduliwa mwaka 1967. Ugumu wake ni 6 hadi 7 kwenye mizani ya Mohs, wakati almasi ni 10, na halivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto. Moto wa kuunganishia dhahabu ukilifikia linaweza kupasuka. Sonara anayejali atalitoa jiwe kwanza, arekebishe pete, kisha alirudishe. Hiyo ni gharama, na kila jiwe linapotolewa na kurudishwa lipo hatarini. Nikiagiza pete ya tanzanaiti hupima kwa mkanda, kwa kalipa na kwa sonara, vyote vitatu, na siagizi mpaka vikubaliane.

Soma pia masharti ya kurudisha. Pete iliyochongwa jina au tarehe kwa kawaida hairudishwi, kwa hiyo iagize bila maandishi, ivae wiki mbili, kisha uchonge jina hapa nyumbani. Angalia nani analipa usafirishaji wa kurudisha, na kumbuka kwamba mzigo unaovuka mpaka mara ya pili unaweza kudaiwa ushuru tena usipokuwa na karatasi za mara ya kwanza. Tunza risiti na boksi.

Pete ikifika

Usiijaribu mara tu unapotoka kwenye jua na daladala. Osha mikono, kaa, kunywa maji, subiri nusu saa. Ipime kwanza kwa rula au kalipa kabla ya kuivaa: kama kipenyo cha ndani si kile ulichoagiza, ipige picha ikiwa juu ya rula na uwaandikie siku hiyohiyo. Kama ni sahihi, ivae ndani ya nyumba kwa siku moja nzima, asubuhi, mchana na usiku, bila kuondoa lebo. Nyoosha mkono chini na uutikise, isianguke. Kunja ngumi, isibane. Vua, ikatae kidogo kwenye kifundo halafu ikubali.

Ikikwama, usivute kwa nguvu, maana kifundo kitavimba na kufunga njia. Inua mkono juu ya kichwa kwa dakika tano, uuloweke kwenye maji ya baridi, paka sabuni au mafuta, kisha izungushe pete taratibu huku ukiisukuma. Kidole kikibadilika rangi au kikifa ganzi, acha majaribio na uende hospitali ikakatwe. Pete ya tangsteni haikatwi kwa msumeno wa kawaida; hupasuliwa kwa kubanwa na koleo la kujifunga, kwa hiyo waambie wahudumu ni madini gani kabla hawajaanza.

Milimita zako ziandike nyuma ya kadi utakayoitunza, pamoja na kidole, mkono, upana wa mkanda na tarehe uliyopima. Yangu inasomeka: pete, kushoto, mzingo 53.4, kipenyo 17.0, mkanda wa 4, jioni, Machi. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili hupima upya, kwa sababu mwili hunenepa na kukonda na kidole huufuata.